Bahasha ya Wasio na Jina

Otilia Gelu alikuwa mkali hata kabla hajapata sababu. Alipokuwa na miaka tisa alimtoa mbio mwalimu wa katekisimu kwa gongo la kuswagia nguruwe, kwa kuwa mwalimu huyo alisema mbele ya watoto kwamba mama yake Otilia ni mvivu. Alichapwa kwa kosa hilo, na kesho yake akamngoja mwalimu palepale. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, nywele amezikata karibu na ngozi, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, na kwa miaka ishirini na minne ameiendesha peke yake zahanati ya kijiji chao, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha New Britain, huko Papua Guinea Mpya.

Zahanati yenyewe ni vyumba viwili vya bati, tangi la maji ya mvua, na jokofu la chanjo linalotumia umeme wa jua. Ukimpelekea mtoto ambaye sikio limetoa usaha siku tatu, kwanza unasemwa wewe, ndipo mtoto anatibiwa. Watu walikuwa wakisema kwamba dozi ya Otilia haikamiliki bila matusi. Walisema hivyo na bado wakaja, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwahi kumgeuza mtu mlangoni.

Na sababu za hasira hakuzikosa. Malori ya kampuni ya mawese yalipita kutwa yakibeba mikungu ya machikichi kwenda kiwandani, lakini umsimamishe dereva umpakizie mama mwenye uchungu wa kuzaa, atakwambia bima hairuhusu. Chanjo ya wasichana, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ililetwa mara moja tu, dozi arobaini ndani ya sanduku la barafu, halafu ikawa kimya. Otilia aliandika barua tatu kuiulizia. Hakujibiwa hata moja.

Saratani hiyo ndiyo iliyomtia uchungu kuliko yote. Wanawake tisa aliwafunika shuka kwa mikono yake, wote wa ugonjwa huo, na wote tisa kijijini walihesabiwa kuwa wamerogwa. Mtu anatokwa damu mwaka mzima, ananuka mpaka mumewe anahamia jikoni, anakufa akiwa mwembamba wa kubebwa na mtu mmoja. Halafu wazee wanakaa msibani na kuulizana nani alikuwa na ugomvi naye. Otilia alikuwa akiwaambia, ni kirusi, kinaingia kwa njia ya kitandani, kinakaa miaka kumi kabla ya kuharibu, na ndani ya miaka hiyo kumi kinaonekana na kinazuilika. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha walirudi kuulizana nani alikuwa na ugomvi naye.

Alikuwa na binamu, Aloysia, aliyeolewa Cairns, ng'ambo ya bahari kule Australia, akifanya usafi kwenye hoteli. Aloysia alikuwa akimtumia sauti kwenye simu. "Huku, dada, wasichana wanachomwa sindano shuleni, wavulana nao. Na ukifika umri wa kupima, barua inakufuata nyumbani. Ukiipuuza wanakuandikia nyingine. Yaani wanakusumbua mpaka uende." Otilia alikuwa akiisikiliza sauti hiyo huku akisaga meno. Safari ya saa chache tu kwa ndege kutoka hapa, mwanamke anakimbizwa na barua ili asife, na hapa mwanamke akiomba kupimwa anaambiwa asubiri.

Sasa, kwenye pwani hiyo mkwe hatajwi jina. Mke wa kaka yako, mume wa dada yako, mama wa mkeo, baba wa mumeo: ukishawapata kwa ndoa, majina yao hayatoki tena mdomoni wala kalamuni mwako mpaka kufa. Si adabu ya kujifunza juu juu kama kusalimia. Mtu aliyelelewa humo akifika kwenye jina lenyewe, mdomo unajifunga bila kuuambia. Mwanamume ambaye shemeji yake anaitwa Mvua ataita mvua maji ya juu maisha yake yote, wala hakuna atakayemcheka. Sisi si wakwe wa Filomena Kaveu, kwa hiyo tunaweza kumtaja. Otilia hakuweza. Filomena alikuwa ameolewa na Blasius, mdogo wake Otilia wa tumbo moja, na kwa miaka thelathini na mmoja Otilia alimwita wifi, au Mama Wilma kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Walipendana, hilo lisemwe wazi. Filomena alikuwa mwanamke mpana, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, na alikuwa mtu pekee kijijini aliyethubutu kumtania Otilia. Siku za kazi aliokota machikichi yaliyodondoka chini ya michikichi, akijaza neti, zile nyavu za kubebea, na kuandikisha pato lake kwenye kadi ya akina mama, inayolipwa mwanamke mwenyewe, ambayo Blasius alikatazwa kuigusa. Jumapili baada ya misa alikuja zahanati na mayai ya ndege wa porini, yale yanayofukuliwa kwenye mchanga wa moto karibu na mlima wa volkano, makubwa ya kujaa kiganja. Waliyachemsha, wakayala kwa chumvi, wakatafuna popoo kwa chokaa mpaka mate yakawa mekundu, na kuwasengenya wanaume.

Mwaka juzi, mwezi wa pili, timu ya wauguzi kutoka mjini ilikuja na mashine ya kupima kirusi. Otilia alikuwa amezunguka vijiji vinne wiki tatu nzima akiwabembeleza wanawake, na kubembeleza si fani yake. Asubuhi ile walikuja arobaini na watatu, wakakaa kwenye majani na blauzi zao pana za maua, wakaangalia chini kama watu waliokuja kuungama. Kila mwanamke alitakiwa aingie nyuma ya pazia, ajichukulie mwenyewe kipimo kwa kijiti chenye pamba. Hakuna aliyenyanyuka.

Filomena ndiye aliyenyanyuka. Aliingia nyuma ya pazia, na kabla watu hawajamaliza kunong'ona akatoka ameshika kichupa.

"Ndiyo hiki tu?" akauliza, akakiinua kijiti ndani ya kichupa ili wote wakione. "Jamani, nilijiandaa kama naenda vitani. Mimi niliyemzaa mwanangu Blasius mdogo, kichwa kama nazi, leo nitishwe na kijiti cha masikio?"

Wanawake waliangua kicheko, na pazia halikupumzika tena mpaka mchana. Wilma mwenyewe, bintiye, ambaye alikuwa ametimiza miaka thelathini mwezi uleule, aliingia wa nne.

Otilia alikaa kwenye meza ya kuandikisha. Kila mwenye kichupa alipita kwake, akaandikiwa fomu: namba, jina, umri. Kalamu yake ilikwenda mbio. Filomena aliposimama mbele yake, kalamu ikasita. Nyuma ya Filomena kulikuwa na foleni, mtoto alikuwa analia, muuguzi wa mjini alikuwa akiita vichupa viletwe. Otilia akaandika "Mama Wilma" na umri, akamwita anayefuata. Hakuona kwamba amefanya jambo lolote. Ndivyo alivyomwita miaka yote, na ndivyo kijiji kizima kilivyomjua.

Mashine ilipima vichupa kumi na sita vya juu sandukuni, jenereta likazimika. Vichupa vilivyobaki, cha Filomena na cha Wilma vikiwemo, vikapelekwa mjini, na kiongozi wa timu akasimama juu ya ngazi ya zahanati kuwatangazia. "Majibu yatakuja. Mwenye tatizo tutamwita kwa jina, aje tumchome kwa kifaa cha joto, dakika moja, anarudi nyumbani kupika. Asiyeitwa ajue ni mzima."

Baada ya mwezi ilikuja karatasi yenye majina manne. Otilia aliwafuata wote wanne kwa miguu, akawasimamia mpaka wakatibiwa, na mmoja wao aliyekataa, Otilia alimkalia kibarazani siku mbili. Wilma alikuwa mmoja wa wale wanne. Alilia kidogo njiani kwenda mjini na alipotoka alisema haikuuma kuliko kuungua na sufuria. Jina la mama yake halikuwemo kwenye karatasi. Jumapili hiyo Filomena alileta mayai sita badala ya matatu, akamshukuru wifi yake kwa kumwokolea mtoto, wakacheka sana, na Otilia akalala akijiona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kuwa kazi yake ina maana.

Ilipita miezi kumi na saba.

Otilia aligundua kwa sababu ya kiti. Filomena alikuwa mtu wa kukaa amemgusa mtu bega, na ghafla akaanza kukaa peke yake mwisho wa benchi kanisani, karibu na mlango, penye upepo. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mengi kupita kiasi. Jumapili mbili hakuja zahanati. Ya tatu Otilia akamfuata.

"Wifi, unatokwa damu?"

"Ni umri huu. Na wewe si ulitokwa?"

"Mimi ilikuwa inakatika. Tangu lini?"

Filomena akachezea kamba za bilumu yake, ule mfuko wa kusuka unaoning'inizwa kichwani. "Tangu kabla ya Pasaka."

"Pasaka. Miezi mitano. Na mimi nipo hapa, hatua mia mbili, nakula mayai yako. Blasius anajua?"

"Amehamia jikoni," Filomena akasema.

Blasius alipoulizwa alisema damu za wanawake hazina hesabu, na kama kuna la zaidi basi watu wamtazame Bibi Sege, yule mjane jirani, aliyegombana na mkewe kwa ajili ya mpaka wa migomba. Otilia alimjibu mdogo wake maneno ambayo hayaandikiki. Siku hiyohiyo akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la kampuni, mikono kiunoni, dereva akapiga honi mpaka akachoka, akawapakia.

Hospitali ya mjini daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimpima Filomena kwa muda mrefu. Kisha akamtoa Otilia nje kwenye veranda.

"Imeshatambaa, sista. Imefika kwenye kibofu. Upasuaji hapana tena. Mionzi hatuna mkoa huu, ni mpaka bara, na foleni ya huko..." Akachukua kalamu. "Nitawapa dawa ya maumivu, ya kutosha. Samahani."

"Lakini alipimwa," Otilia akasema. "Alipimwa na mashine yenu. Mwaka jana. Hakuitwa."

"Una uhakika?"

"Nilimwandikisha mimi."

Daktari akamwelekeza kwenye ofisi ya kumbukumbu. Humo kulikuwa na feni iliyokufa na karani mmoja aitwaye Ezra, mtu wa milimani, mtaratibu, shati limepigwa pasi. Alitafuta kwenye kompyuta. Filomena Kaveu hakuwahi kupimwa, alisema. Alisoma jina hilo kwa sauti mara mbili, naye Otilia kila mara akageuza uso, kana kwamba ni yeye aliyelitamka.

"Angalia tena."

"Nimeangalia, mama. Hayupo. Labda..." Ezra akafungua droo ya chini, akatoa bahasha ya kaki iliyovimba. Juu yake iliandikwa kwa wino mwekundu: Wasio na Jina. "Humu kuna majibu tusiyojua ni ya nani. Tulisubiri mtu aje aulize."

Zilikuwa karatasi kumi na moja. Otilia alizipanga mezani moja moja. Mke wa Kaka. Mama wa Mapacha. Shemeji Mkubwa. Mama Mkwe, kijiji cha mtoni. Mke wa Mwalimu, na pwani nzima ina walimu sitini. Aliijua miandiko yote. Ile ya kulalia ilikuwa ya mhudumu wa zahanati ya kule rasini, ile ya herufi kubwa ya yule wa upande wa mto. Wote walikuwa wafanyakazi wazuri. Wote walifika kwa mkwe, kalamu ikasita, foleni ikasukuma. Ya saba ilikuwa Mama Wilma, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka, na chini yake mhuri: kirusi kimeonekana, aitwe haraka.

"Miezi kumi na saba," akasema. "Miezi kumi na saba karatasi imeandikwa haraka, imelala kwenye droo chini ya vifuniko vya soda zako."

"Mama, tafadhali."

"Una simu hapo. Una redio. Kila Jumapili paroko anatangaza mpaka mbuzi waliopotea. Ungeshindwa nini kuuliza?"

"Kuuliza nani?" Ezra hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Fomu inadai jina. Ningetangaza nini redioni, Mke wa Kaka aje hospitali? Wangekuja mia tatu. Ningemuuliza mwandikaji, ndiyo, hilo ni kosa langu, nakubali, nilikuwa nikisema wiki ijayo. Lakini kuuliza kulikuwa kwangu, na kuandika kulikuwa kwake. Aliyeandika hii alikuwa na mtu mbele yake, mzima, anapumua. Angemuuliza tu, unaitwa nani."

 Otilia alikusanya karatasi zote kumi na moja, akazitia kwenye bilumu yake. Ezra akasema hati za serikali haziruhusiwi kutoka. Otilia akamtazama tu, na Ezra akarudi kuketi.

Filomena alikuwa amekaa kwenye benchi la veranda akitafuna popoo, chokaa imemkauka mdomoni. Otilia alikaa kando yake. Angeweza kunyamaza, na aliliwaza hilo. Kuna mambo elfu ya kulaumu, jenereta, droo, mionzi isiyokuwepo, serikali inayoleta mashine moja kwa pwani nzima, na yote ni ya kweli. Akatoa karatasi, akaiweka mapajani mwa wifi yake, akamweleza yote bila kujipunguzia.

Filomena aliisoma polepole. Alisoma mpaka kwenye mhuri, akarudi juu.

"Miezi kumi na saba," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuja kwako kila Jumapili."

"Ndiyo."

"Tukila mayai. Na hiki kidude kimo ndani kinanila mimi."

"Ndiyo, wifi."

"Wangenichoma dakika moja, nikarudi kupika. Kama Wilma."

Otilia alitikisa kichwa kukubali. Filomena akatema mate mekundu chini ya benchi, akajifuta kwa mkono.

"Jina langu unalijua?"

"Nalijua."

"Litaje basi. Niko hapa. Hakuna mtu mwingine."

Otilia alifungua mdomo. Alitaka, Mungu anajua alitaka. Ulimi ulipanda, ukagota. Alijaribu tena na kilichotoka kilikuwa pumzi. Filomena alimngoja, uso hauna kicheko wala huruma, akangoja mpaka kungoja kukawa hakuna maana.

"Haya," Filomena akasema. "Usinililie. Sina nguvu za kukubembeleza. Hao kumi wengine uwatafute. Uanze kesho, usije kunikalia kitandani kwa sababu unajisikia vibaya."

Otilia aliwatafuta. Alikwenda kwa miguu, kwa mtumbwi wa injini, nyuma ya malori, akiwa na karatasi kwenye bilumu na hasira iliyomzuia hata kula. Alimkalisha chini kila mhudumu, akamwekea fomu usoni, akamuuliza: huyu ni nani. Na wahudumu, watu wazima, walijiziba mdomo, wakaenda kumtuma mtoto wa jirani alitaje badala yao. Mama wa Mapacha alipatikana, akachomwa kwa joto, akapona. Shemeji Mkubwa naye. Mke wa Kaka alikuwa na uvimbe, wakaukata ungali mdogo. Mama Mkwe wa kijiji cha mtoni alikuwa na miezi minne kaburini, na mkwewe, mhudumu kijana, alipoelewa ni karatasi gani anayoonyeshwa alikaa kwenye tope na kushika kichwa. Otilia hakumfariji. Mke wa Mwalimu alikuwa amehama na mumewe aliyepewa shule nyingine, na hajapatikana mpaka leo.

Filomena alikufa wiki ya tisa baada ya kutoka hospitali, alfajiri ya Ijumaa, dawa ya maumivu ikiwa imekwisha siku mbili kabla.

Msiba ulijaa. Wanawake walijipaka udongo mweupe, wakakaa kumzunguka maiti ndani ya kibanda cha makuti. Wanaume walikaa nje kwenye magogo. Ndugu za Filomena walikuwa wameteremka kutoka ndani ya kisiwa, wengi, wamenyamaza, na watu wanaonyamaza namna hiyo wanasubiri kuambiwa kitu. Bibi Sege alikuwa amekuja na mzigo wa magimbi kama ada, akauweka chini, akakaa kando. Hakuna aliyeugusa mzigo wake.

Mchana Blasius alisimama. Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa kulia, na Otilia, aliyempenda mdogo wake huyo na kumdharau kwa kipimo kilekile, alijua kinachokuja kabla hakijatoka.

"Mke wangu alikuwa na nguvu," Blasius akasema. "Mnamjua. Alibeba neti mbili za machikichi mara moja. Mtu kama huyo haozi hivihivi. Kuna mkono. Kuna mtu hapa aligombana naye kwa migomba mitatu, na mtu huyo amekuja leo kula chakula chetu." Kijana mmoja wa upande wa marehemu alisimama. Wa pili akasimama. Bibi Sege alishika kingo za blauzi yake kwa mikono miwili.

Otilia alitoka kibandani, udongo mweupe usoni, akasimama katikati yao.

"Kaeni," akasema. "Kaeni chini, nyie mbuzi. Mkono upo, ni huu hapa." Akauinua wa kwake. "Alipimwa. Alikutwa na ugonjwa ungali wa kutibika. Karatasi ikaandikwa aitwe haraka, na karatasi haikumpata kwa sababu mimi, niliyesoma, ninayewatukana nyinyi kwa ujinga wenu kila siku ya Mungu, nilimwandika Mama Wilma. Kuna Mama Wilma wangapi kwenye mkoa huu? Niliona haya kuandika jina. Jina lake ni Filomena Kaveu."

Kilio ndani ya kibanda kilikatika. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa kitambaa.

"Filomena Kaveu," Otilia akarudia, na safari hii halikumkwama, lilitoka kama lilikuwa likingoja mlangoni muda wote. "Aliniomba nilitaje akiwa hai, kwenye benchi, tuko wawili tu. Nikashindwa. Sasa linatoka, wakati halimfai kitu. Bibi Sege hajui hata kirusi ni nini. Mkitaka wa kumpiga, nipigeni mimi."

Wale vijana wawili walitazamana. Mmoja akaketi, kisha mwingine. Blasius alikuwa amekodoa macho, na cha ajabu, au si cha ajabu kwa anayewajua watu wale, kilichompata kwanza hakikuwa habari ya karatasi.

"Dada, umemtaja," akasema. "Mbele ya ndugu zake. Mbele ya maiti. Utatoa nguruwe wa faini."

"Nitatoa."

"Mkubwa."

"Yupo zizini, yule dume. Mchukueni sasa hivi. Ningekuwa na akili ningewapa mwaka jana, siku ile ile kwenye meza yangu. Ningelitaja, mngenitoza nguruwe, tungemla wote, na yeye angekula nasi."

 Blasius alikaa kwenye gogo, akaanza kulia kwa namna nyingine, kimya, kichwa katikati ya magoti.

Wilma alikuwa amesimama kwenye mlango wa kibanda. Alikuwa amekumbatia bilumu ya mama yake, na udongo usoni mwake ulikuwa umechorwa mistari na machozi. Otilia alimgeukia, akangoja kupigwa. Angepigwa angeshukuru.

"Shangazi," Wilma akasema, "siku ile tulipima wote, mimi na mama. Vichupa vilikaa kwenye sanduku moja. Kwenye fomu yangu uliandika nini?"

"Wilma," Otilia akasema. "Wilma Kaveu Gelu."

"Kwa sababu mimi unaruhusiwa kunitaja."

"Ndiyo."

Wilma alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha alichokwisha kukijua. Akaweka bilumu chini miguuni pa maiti, akapita mbele ya shangazi yake bila kumgusa, akaenda pale alipokaa Bibi Sege. Akauinua mzigo wake wa magimbi, akaupeleka jikoni.